Wepesi wa Ngoma za Masasi na Newala

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika ghafula ikateremka hata bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo ni Msumbiji. Uwanda wenyewe ni nchi ya mchanga na vichaka, mchanga unaomeza mvua mara inyeshapo, hata juu yake hakuna kijito cha kutegemewa. Na kabla ya mpango wa maji wa miaka ya 1950 kuanza kuyapandisha maji kwa mashine, akina mama walikuwa wakiteremka bondeni na vyombo vyao kichwani na kupanda tena, safari iliyoweza kula sehemu kubwa ya siku. Wamakonde waliichagua adha hiyo kwa makusudi, maana vichaka viliwapa hifadhi ambayo mabonde yenye maji hayakuweza kuwapa zama za utekaji na biashara ya watumwa. Masasi iko chini, magharibi, kati ya majabali makubwa yaliyosimama peke yake katika nchi tambarare, na huko Wamakua na Wayao wamechanganyika na Wamakonde kwa ujirani, kwa ndoa na kwa ngoma.

Mgeni aliyepata kulala katika nchi hii baada ya mavuno, wakati ghala zina nafaka na vijana wanatolewa jandoni, aghalabu huondoka na habari moja kinywani mwake, nayo ni kwamba ngoma za huku zina mwendo wa kasi usiokuwa na kifani. Husikia mfululizo wa mapigo uliosongamana kama mvua juu ya bati, akadhani kwamba yumo uwanjani mtu mmoja mwenye mikono ya ajabu; na akisogea karibu hukuta vijana watatu au wanne wasio na haraka yoyote usoni, mmoja wao labda akizungumza na mwenziwe huku akipiga. Jinsi wepesi huo ulivyokuwa ukifundishwa, na yaliyoufika tangu dini, vita, dansi na serikali vilipoingia katika nchi, ndiyo maudhui ya insha hii.

Ngoma ndogo kuliko zote huitwa vinganga. Kila kimoja, yaani chinganga, kina mguu uliochongoka chini, nao huchomekwa ardhini ili ngoma isimame imara mbele ya mpigaji, na kiwambo chake hukazwa kwa mambo ya mti yaliyopigiliwa kuuzunguka mdomo wa mzinga. Hupigwa kwa vijiti viwili vyembamba, na sauti yake ni kali, kavu, yenye kupenya. Zipo kisha ngoma kubwa zaidi, kama likuti na ntoji, zenye sauti nzito, na hizo ndizo zisemazo na mchezaji. Kabla ya mchezo huwashwa moto wa nyasi kavu pembeni mwa uwanja, na kila mpigaji huikurubisha ngoma yake kwenye ule moto, akakigonga kiwambo kwa ncha ya kidole, akasikiliza, akairudisha motoni kidogo, akagonga tena, mpaka ngozi ijivute na sauti ipande pale aitakapo. Umande wa usiku huilegeza ngozi, hivyo moto hauzimwi hata alfajiri, na ngoma hupokezana kwenda kuota moto bila ya mchezo kukatika. Mtazame kijana wa chinganga wakati huo: viwiko vyake vimekaa karibu na mbavu, mabega yametulia, na kazi yote imo katika vifundo vya mikono na vidole, ambavyo haviukandamizi mti juu ya ngozi bali huuachia urudi wenyewe kwa nguvu ya kiwambo. Ngozi iliyokazwa barabara hufanya nusu ya kazi. Kwa sababu hiyo fundi asiyejua moto hawezi kuwa fundi wa kasi, hata akiwa na mikono ya namna gani.

Mafunzo yenyewe yalianza kabla ya jando, kwa makopo, vinu na magogo, kama watoto wafanyavyo popote. Lakini daraja la pili lilikuwa la taadhima zaidi. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu nasaba kwa upande wa mama, na kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa na haki na wajibu wa kumpeleka kijana kumbini; na kama mjomba huyo alikuwa mpigaji, mara nyingi ngoma ilikwenda kwa mpwa pamoja na mambo mengine ya ukoo. Kumbini, mbali na macho ya akina mama, wari walikaa kwa miezi wakifunzwa nyimbo, adabu na siri za utu uzima, na siku ya kutoka kwao ilikuwa siku ya ngoma kubwa, pengine na midimu pia, yaani wachezaji waliovaa sura za mti na kujifunika mwili wote wasitambulikane. Mwanafunzi wa ngoma alianzia kwenye chinganga. Alipewa kipigo kimoja kifupi, akaamrishwa akishike, asikipambe wala asikibadili, kwa muda wote ambao mchezo ungeendelea, nao ungeweza kuendelea usiku kucha. Ilikuwa adhabu kwa kijana mwenye majivuno.

Siri ya kasi imo katika adhabu hiyo. Tuseme kijana mmoja apiga mara 4 katika sekunde moja, kadiri ambayo mkono uliolegea huiweza bila ya jasho, na mwenziwe apiga 4 nyingine, kila pigo lake likiangukia katikati ya mapigo mawili ya yule wa kwanza: sikio la msikilizaji hupokea mapigo 8 kwa sekunde, wala hapana mtu uwanjani aliyeharakisha. Ongeza hapo wa tatu, ambaye katika muda wa hatua moja ya mchezaji hupiga mara 3 ilhali mwingine hupiga mara 2, na kile kitambaa cha sauti hubana hata jicho la masikio, kama ningeweza kusema hivyo, lisione nafasi kati ya nyuzi. Juu ya kitambaa hicho likuti hutembea kwa utulivu, hunyamaza, huita, hungoja. Taabu ya mwanafunzi haikuwa kuupeleka mkono upesi, ilikuwa kulisikia pigo la mwenziwe bila ya kuvutwa nalo. Maana mkono wa mwanadamu hupenda kupiga pamoja na mkono uliosikiwa, na aliyeshindwa kuzuia mapenzi hayo aliangukia juu ya pigo la jirani, ule mfululizo ukapasuka, na kila mtu akamtazama.

Hapa yafaa kuvuka bahari kidogo, kwa sababu jambo hili lilitatuliwa kwa njia nyingine na watu wa asili ya Afrika huko Marekani. Katika bendi za barabarani za New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19, ngoma kubwa ilikuwa na mtu wake na ngoma ndogo ya kijeshi ilikuwa na mtu wake. Lakini bendi zilipoingia katika kumbi za dansi, ambako nafasi ilikuwa finyu na ujira haukutosha wengi, kazi za watu wawili au watatu zilitiwa katika viungo vya mtu mmoja aliyeketi. Mwaka 1909 ndugu wa ukoo wa Ludwig, huko Chicago, walianza kuuza kanyagio jepesi lililouwezesha mguu kupiga ngoma kubwa kwa wepesi, na tangu hapo seti ya drams ikaanza kutimia. Kwa muda mrefu mguu ndio uliobeba mwendo. Yasimuliwa kwamba Kenny Clarke, alipokuwa katika bendi ya Teddy Hill mwishoni mwa miaka ya 1930, alikutana na wimbo wenye kasi ambayo mguu wake haukuweza kuifuata, akauhamishia mwendo kwenye toazi kwa mkono wa kulia na kuuachia mguu upige pale tu palipohitaji mkazo. Na katika klabu ya Minton's, mtaa wa Harlem, njia hiyo ikawa msingi wa jazi mpya ambayo Max Roach na wenzake waliifikisha kwenye mapigo 300 kwa dakika na kupita. Kwa kasi hiyo mapigo huwa 5 kwa sekunde, na kipigo cha kawaida cha toazi, chenye kugonga mara 3 kwa kila mapigo 2, huutaka mkono mmoja ugonge mara 450 katika dakika moja. Hapana aliyeyaweza hayo kwa kukaza misuli. Mwalimu wa jazi humwambia mwanafunzi asihesabu yale mapigo 300, ahesabu mwanzo wa kila kundi la manne, ambao huja mara 75 tu kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Kisha aulegeze mkono na auache mti uruke wenyewe. Fundi wa Newala angeyaafiki mashauri hayo bila ya kuhitaji mkalimani, ila huenda angeuliza kwa nini mtu huyo hakuitiwa wenziwe.

Maandishi ya kwanza ya wageni juu ya nchi hii hayakuwa na habari nyingi za ufundi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mpaka Masasi, na hapo misheni ya Kianglikana ya UMCA ikaweka kijiji chao chini ya majabali; mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Wamagwangwara, yaani Wangoni, na mwaka 1905 misheni ikachomwa moto katika Vita vya Maji Maji. Wamisionari walizisikia ngoma kila usiku na waliziandika kwa maneno ya watu waliokosa usingizi. Aliyekuja kusikiliza kwa kazi ni Karl Weule, mwanachuoni wa makumbusho ya Leipzig, aliyeshuka Lindi mwaka 1906 akapita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, naye alichukua santuri ya kurekodia kwenye mitungi ya nta na kamera ya sinema, vyombo ambavyo wakati huo vilikuwa bado vipya katika kazi ya namna hiyo. Lakini mtungi wa nta haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache, na pembe ya mashine ya zama zile ilizinasa sauti za kuimba vema kuliko sauti nzito za ngoma. Hivyo mchezo uliokua polepole tangu magharibi mpaka kucha uliingia Ulaya ukiwa umekatwa mkia na kichwa, na ile kasi ambayo wenyeji waliifikia baada ya saa nyingi za kupashana moto ilisikika kama jambo lililoanza tu hivyo, bila ya sababu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilileta ngoma ya aina nyingine. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaishika Newala, Wajerumani wakawafukuza, na Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipita uwandani humo likavuka mto kwenda Msumbiji, huku wapagazi wakifa kwa njaa na maradhi. Askari na wapagazi waliosalimika, wa pande zote mbili, walirudi makwao na beni, mchezo uliokuwa umezaliwa pwani katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, wenye vyama, vyeo, sare na mashindano makali ya Marini na Arinoti. Beni ilikuwa na ngoma kubwa ya mtu mmoja na ngoma ndogo ya mtu mwingine, zote zikienda kwa mwendo wa gwaride, kulia, kushoto. Sioni ajabu kubwa zaidi katika habari hii yote kuliko hii, kwamba jazi ya New Orleans na beni ya Lindi ni wajukuu wa babu mmoja, yaani bendi ya jeshi la Kizungu, na wote wawili waliuchukua mwendo wake mzito wakautia mapigo ya kati ambayo mwenye bendi hakuyaweka. Lakini kule watu walikusanywa katika mtu mmoja, na huku kila mtu alibaki na ngoma yake.

Kumbi za jando nazo zilipata msimamizi mpya. William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 mpaka 1944, aliona kwamba kulipiga marufuku jando ni kuwafukuza vijana kanisani, akalikubali na kulifanya la Kikristo, pamoja na mapadre Waafrika ambao wengi wao waliijua desturi hiyo kuliko yeye. Sala zikaingia, baadhi ya nyimbo na michezo iliyoonekana kukosa staha ikatolewa. Wanachuoni wamebishana sana juu ya hekima ya tendo hilo. Kwa upande wa ngoma, nadhani hasara haikuwa katika nyimbo zilizotolewa, ambazo ziliimbwa kwingineko vilevile, bali katika muda uliopunguzwa, maana saa za usiku ndizo zilizokuwa mwalimu wa chinganga.

Na kwa kuwa nimeitaja jazi, nisipite bila ya kumtaja Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 mpaka 1968. Huyu ndiye padre ambaye, akihudumu katika shule ya Mtakatifu Petro huko Johannesburg, alimpatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza, na alipoitwa kurudi Uingereza, akipitia Marekani, alimwomba Louis Armstrong awapelekee vijana wake tarumbeta, naye akawapelekea. Mtu huyo ndiye aliyekuja kukaa katika nchi ya vinganga. Tofauti na Afrika Kusini, huku hakuwa na haja ya kuomba ala kwa mtu yeyote.

Wakati huo dansi lilikuwa limekwisha kuenea. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta Nachingwea, jirani ya Masasi, matrekta, reli, mishahara na gramafoni. Santuri za Kuba zilikuwa zimekwisha kuufundisha mji wa Dar es Salaam rumba, na bendi zilizojiita Jazz, tangu Dar es Salaam Jazz ya 1932 hadi Kilwa Jazz na NUTA Jazz, zikapigwa redioni hata vijijini. Vijana wa Kimakonde waliokwenda kukata mkonge Lindi na Tanga walikuwa wakipiga sindimba, ngoma ya kwao, Jumapili kambini na kusikiliza rumba Jumamosi mjini, na mikono iliyolelewa na vinganga haikupata tabu na tumba, ngoma za rumba. Mpiga tumba wa dansi hupewa kazi ile ile ya kijana wa kumbini: kushika kipigo kimoja, kuwaacha wengine waseme.

Baada ya uhuru sindimba ilipanda cheo. Wizara ya utamaduni iliyoundwa mwaka 1962 ilitaka ngoma za makabila ziwe mali ya taifa, na Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilipoanzishwa mwaka 1964, sindimba ikawa mojawapo ya ngoma zake mashuhuri, ikafundishwa mashuleni na baadaye katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Palikuwa na kelele juu ya viuno, na viuno vikapunguzwa. Hakuna aliyepiga kelele juu ya saa, ingawa saa ndiyo iliyobadilika zaidi. Jukwaani ngoma hupewa dakika kadhaa kati ya hotuba mbili, kwa hiyo wapigaji huingia wakiwa kwenye kilele, kasi yote hutolewa mwanzoni, na mtazamaji wa mjini huamini kwamba sindimba ni ngoma ya haraka, hali kijijini ni ngoma inayofika kwenye haraka.

Mtu mmoja aliyekusanya yote haya katika mwili wake alitoka pande za Lindi. Mzee Moris Nyunyusa, kipofu, alizipanga ngoma zaidi ya 10 za ukubwa mbalimbali kujizunguka, akazipiga peke yake kwa zamu isiyokatika, kila moja na sauti yake. Na kipande cha upigaji wake kilichotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania huenda kilisikiwa na watu wengi kuliko bendi yoyote ya nchi hii. Alifika mahali walipofika watu wa New Orleans, bila ya kanyagio wala toazi. Lakini ukimsikiliza kwa makini hutasikia mtu anayekimbia. Ngoma ndogo zashika kipigo chao, kubwa yajibu kwa nafasi, na mikono yapita kati yake kama vile wamo wanne waliokubaliana. Nashawishika kusema kwamba ni upofu uliomsaidia, kwani hakuwa na la kutazama ila kusikiliza. Ila nakiri kwamba vipofu ni wengi na Nyunyusa ni mmoja.

Siku hizi vijana wa Dar es Salaam wana singeli, muziki wa kompyuta uendao mapigo 200 hata 300 kwa dakika, ambao mashine huupiga bila ya kuchoka na wachezaji huuchezea kwa nusu ya hesabu yake, kama wazee walivyofanya. Masasi na Newala unasikika kwenye simu kama kwingineko. Jando nalo bado lipo, lakini limefungwa ndani ya likizo za shule, mwezi wa Juni au Desemba, na pesa za korosho zimelifanya liwe na sherehe kubwa na siku chache. Kijana mwenye sikio anaweza kukimudu chinganga katika likizo moja. Kwa likuti ni kazi nyingine, kwa kuwa mpigaji wake sharti awajue wachezaji wake, hatua zao na majina ya mapigo yanayowaita, na hayo wajomba waliyapata kwa misimu mingi ya kukaa nyuma ya vinganga. Kwa hiyo katika sherehe nyingi utawakuta vijana watatu hodari mbele, na kwenye likuti mzee yule yule wa mwaka jana, aliyeletwa kwa bodaboda kutoka kijiji cha tatu.